Kata

Sikuja kutazama historia.
Nilikuja na spana, na karatasi ya pinki
yenye muhuri wa Mamlaka ya Maji:
miezi minne haijalipwa,
kata.

Makumbusho ya Mpwapwa ni chumba kimoja na nusu,
zamani stoo ya ushirika, kisha posta,
kisha zizi la mbuzi, kwa maelezo ya Sechelela
ambaye ndiye mkuu, mfagiaji na mlinzi wa mchana.
"Mita iko nyuma," alisema, "ila njia inapita ndani."
Haikuwa kweli. Baadaye nililiona geti la uani,
limefungwa kwa kipande cha kamba ya katani.

Basi nikapita ndani.

Kengele ya punda, ulimi wake umepotea.
Merikani iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.
Shanga nyekundu ndani ya kifuniko cha kopo la jamu.
Jiwe la kusagia, na kibandiko kilichopigwa taipu:
LILITUMIKA ZAMANI KUSAGIA MLENDA.
Nikacheka. "Zamani ipi, dada?
Mama yangu kasaga Jumatano."
"Hata mimi jana," akajibu,
"lakini bila zamani hawatupi ruzuku."

Chini ya dirisha, kibuyu kidogo chenye mpini,
ufa wake umeshonwa kwa ukano wa ng'ombe.
Kibandiko chake neno moja:
KATA.
Nikaigusa karatasi mfukoni
kama mtu aliyesikia akiitwa sokoni
na aliyeitwa ni mwingine.

Ukutani, kwa herufi za mkono:
HONGO. USHURU WA UGOGO. WENYE MISAFARA
WALITOA NGUO NA SHANGA KWA WENYE VISIMA
NDIPO WATU WAO WACHOTE.

Nilisoma mara mbili.
Neno hili ofisini kwetu liko mlangoni,
limepigwa mstari mwekundu, na chini yake:
HAPA HATUPOKEI.
Sikujua kwamba liliwahi kuoga na kuvaa,
likasimama kisimani mchana kweupe
likahesabu shanga mbele za watu.

Sechelela hakunipa kitu, niseme wazi.
Hata soda. Maneno tu:
kwamba waliobeba pembe kwenda pwani
walitokea Marenga Makali ndimi zimekuwa vigae;
kwamba pembe zilivuka bahari
na wabebaji wengine hawakukivuka kile kilima,
akakionyesha kwa kidevu.
"Majina yao?"
"Hatuna. Tunayo kengele ya punda wao."

Bibi yangu alifukua maji mchangani, mto Kinyasungwe,
kila kiangazi, kwa kata kama ile,
akipiga magoti kwenye shimo mpaka unaona mgongo tu.
Mgeni hakutozwa.
Alitakiwa kusema: wa nani, watoka wapi, umefuata nini.
Akishasema, anywe.
Nilikuwa nimemsahau bibi kwa miaka, si uongo.
Mshahara, kodi ya nyumba, pikipiki isiyowaka asubuhi.

Uani, jua la Oktoba, mita 0417,
kioo kimeingia ukungu. Nikakifuta kwa kiganja.
Nati inavuja, tone, tone,
na kuku wawili wamekwisha jua ratiba yake.
Spana niliitumia.
Sitasema kama ni kwa kukata au kwa kukaza;
meneja wangu naye anajua kusoma.

Nikarudi kwa njia ile ile, ya ndani.
"Hujasaini," alisema Sechelela.
Daftari la wageni, kaunta buku ya kurasa zilizojikunja.
Wa mwisho walikuwa wanafunzi, mwezi wa sita,
mmoja kajichora na ndevu.

Jina: Ndahani Chibehe.
Unatoka: hapa hapa.
Sababu ya kuja:

kalamu ilikauka. Nikaipumulia, nikaikung'uta,
nikaandika
maji.